Pumzi ya Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Hiyo ndiyo pakawa? Hamjala leo? Na ninyi wakubwa mlioegemea ukuta, mnajifanya mmekuja kuwasindikiza watoto tu, midomo mnayo. Tena! Paukwa!

Pakawaaa!

Naam. Sasa kaeni, na anayetafuna atafune polepole.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na pundamilia mmoja, mama wa mtoto mmoja. Mama jina lake Siwema. Mtoto jina lake Kidoti, kwa sababu ya doa jeusi lililokaa katikati ya paji la uso. Waliishi na kundi lao kwenye mbuga ya nyasi fupi, chini ya Kilima Kipara.

Mvua ikinyesha, mbuga hiyo ni raha tupu. Mvua ikikatika, balaa. Nyasi zinakauka, madimbwi yanakauka, hata matope yanakauka. Hapo pundamilia wote hufunga safari. Siku nane kwa miguu, mpaka nchi ya ng'ambo penye mto usiokauka. Wote wanaondoka. Anayebaki ni Simba, na Simba ana njaa.

Sasa sikilizeni desturi yao. Safari ile ina vumbi, na vumbi lenyewe si la mchezo. Kwato zinapiga, pu! pu! pu! pu! Mama hamwoni mwanawe, mtoto hamwoni mamaye. Wanajuana kwa sauti tu. Mama anaita, mtoto anafuata. Mama asiye na pumzi ya kuita, mtoto wake anapotea, na wanaorudi kumtafuta wanapotea naye.

Kwa hiyo, siku tatu kabla ya safari, kila mama anapanda Kilima Kipara mpaka juu, peke yake. Anashuka. Akifika chini, hapo hapo, bila kusimama kuhema, anapaza sauti. Anataja jina lake, jina la mama yake, jina la bibi yake. Kiongozi wa kundi, Bi Mkubwa Kurwa, anasimama mbali juu ya kichuguu, masikio wima. Akiyasikia majina matatu, mama huyo anasafiri. Asipoyasikia, anabaki, yeye na mtoto wake anayenyonya.

Mwaka uliotangulia alibaki mama mmoja, jina lake Msena. Kundi liliporudi na mvua, Msena hakuwepo kuwapokea. Sitasema zaidi, hapa kuna watoto.

Haya. Siwema tangu amzae Kidoti alikuwa amehamia kinamasini, pale penye majani laini. Hatua tano kwenye majani. Hatua tatu kwenye maji. Hatua mbili kwenye kivuli. Basi, siku imekwisha. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Asubuhi moja Kidoti akasema, "Mama, nishike!" Mtoto akachomoka, tiki-tiki-tiki-tiki! Siwema akamfuata. Hatua kumi. Hatua kumi na tano. Hefu! Hefu! Hefu! Macho yakaona nyota mchana kweupe. Akafungua mdomo amwite mtoto arudi, ikatoka, "Ki..." Ile iliyobaki haikutoka.

Kidoti akarudi mwenyewe. "Mama, unaumwa?"

"La... mwanangu... ni vumbi... tu."

Vumbi lenyewe halikuwepo, jamani. Palikuwa na matope. Siwema akahesabu siku zilizobaki kabla ya kupanda kilima: siku sitini. Majani yale laini siku ile hayakumshuka kabisa.

Kesho yake akaenda kwa Mwalimu Tumbili.

Nani alimpa Tumbili ualimu? Alijipa mwenyewe. Alikaa juu ya mkuyu, anakula kuyu, anatupa vikonyo chini. Lakini alikuwa na kiuno! Kiuno chembamba, utadhani cha nyigu. Kila mnyama akikiona kiuno kile anasema, huyu ndiye anayejua mambo ya mazoezi. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Na hakuna aliyeuliza.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, mama. Geuka."

Siwema akageuka.

"Geuka tena. Mh! Mh-mh-mh! Mama, tumbo gani hilo? Umemeza kichuguu?"

"Mwalimu, shida yangu ni pumzi."

"Shida yako ni tumbo! Pumzi ikae wapi, na tumbo limejaa kote? Likiondoka tumbo, pumzi inarudi yenyewe."

Siwema akaona, loo, kweli. Maneno yale yangetoka kwa Kiboko angecheka. Yametoka kwa mwenye kiuno, akayameza.

Tumbili akashuka na ugwe wa mmea, akamzungushia tumboni, akafunga fundo. "Nitapima kila baada ya siku saba. Fundo likilegea, umepona. Sasa lala chali, inua miguu minne juu, shusha, inua, mara mia. Tumbo litaungua lenyewe."

Mmewahi kumwona pundamilia amelala chali, miguu juu? Hajapendeza. Inua, shusha! Inua, shusha! Alipofika ishirini na saba, Tai watatu wakatua kando yake, pa! pa! pa! Wakakunja mabawa.

"Bado niko hai," akasema Siwema.

"Hatuna haraka," wakasema Tai.

Baada ya hapo, mbio. Siyo asubuhi, siyo jioni. Jua la utosi! Tumbili anakaa mgongoni, eti anahesabu. Puku-puku! Puku-puku! Jasho linatiririka.

"Yaone mafuta hayo yanayeyuka!" Tumbili anapiga kelele. "Na usinywe maji, utayarudisha!"

"Koo limekauka, Mwalimu."

"Zuri hilo!"

"Goti linauma, Mwalimu."

"Zuri zaidi! Isipouma hujafanya kitu."

"Basi kesho nipumzike kidogo."

"Upumzike?" Tumbili akashika kichwa kwa mikono miwili. "Siku moja ya kupumzika inafuta kumi ulizofanya! Na usile chochote mpaka jua lizame. Twende, twende!"

Siku ya saba, kupima. Fundo pale pale. "Hujajikaza," akasema Tumbili. Siwema akajikaza. Siku ya kumi na nne, mbavu zimetokeza, shingo imekonda, mifupa ya mabega unaweza kutundika kikapu. Kupima. Fundo pale pale! Tumbo halijasogea hata upana wa unyasi.

"Una ukaidi wewe," akasema Tumbili.

Siku ile Kidoti akaja kunyonya. Akanyonya upande huu. Akanyonya upande ule. Akamtazama mama yake.

"Mama, hakuna."

Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Siwema. Angelia tu. Akafikiri, najitesa ili mwanangu asibaki nyuma, kumbe namlaza njaa hapa hapa. Lakini bado akaenda mbio. Mtu akiogopa anafanya analoambiwa.

Siku ya ishirini, jua la utosi, puku-puku, puku-puku, kwacha! Goti likateguka. Siwema chini, pua kwenye mchanga. Tumbili akaruka kando, akajipangusa.

"Sasa ndiyo umeanza mazoezi! Inuka!"

Siwema akajaribu. Hakuweza. Akajaribu tena. Hakuweza. Mwalimu akamzunguka mara moja, akamtazama tumbo, akatikisa kichwa.

"Unajua, mama, nilikuwa naona haya kukuambia. Ukishazaa, imekwisha. Wengine hawana mwili wa mazoezi, ndivyo walivyoumbwa." Akapanda zake mkuyuni. Kuyu zilikuwa zimeiva.

Siwema akajikokota mpaka majini. Akanywa. Akanywa! Akanywa mpaka pua zikatoa mapovu. Akala majani yaliyokuwa karibu. Kisha akamkumbatia Kidoti kwa shingo, akalia, hi-hi-hi, hi-hi-hi.

"Tutabaki, mwanangu. Tutajificha mahali."

"Simba ananusa, mama," akasema Kidoti.

Hapo ndipo akatokea Kanga na vifaranga wake kumi na mmoja. Mnamjua Kanga. Kichwa kidogo, mdomo haufungi. Kakara-kakara-kakara! Anatembea anadonoa, anadonoa anaongea. Mbuga nzima imemkimbia kwa maneno, na sasa amempata asiyeweza kukimbia.

"Shoga! Unalia nini? Usiniambie, ngoja nianze mimi. Wifi yangu ameatamia jiwe siku ishirini na mbili. Jiwe! Anadhani ni yai. Nimwambie, nisimwambie? Twende basi nikueleze vizuri, mimi siwezi kuongea nimesimama."

"Shoga, goti langu limeteguka."

"Leo lilaze. Nitakaa. Nimekaa. Haya, wifi yangu..."

Akaongea siku tatu, wallahi. Siku ya nne uvimbe umeshuka. Kanga akasema, "Inuka, twende pale kwenye jiwe jeupe. Nani kasema mbio? Nimesema twende." Wakaenda, chechea, chechea. Kanga mbele, vifaranga katikati, Siwema na Kidoti nyuma.

Njiani Kanga akautazama ule ugwe. "Na hii kamba ya nini tumboni?"

"Inapima tumbo, shoga. Tumbo langu haliondoki."

"Liende wapi?" Kanga akacheka mpaka akajikwaa. "Umemwona wapi pundamilia asiye na tumbo? Majani yanachachukia humo, yanafura, ndivyo mnavyokula ninyi! Yule Bi Mkubwa wenu ana tumbo kukushinda, na mwaka jana niliona kwa macho yangu akipanda kilima kwanza. Lete hapa, wifi yangu anataka kitu cha kutandika chini ya jiwe lake." Do! do! do! Ugwe ukakatika. Siwema akavuta hewa, akaisikia inashuka mpaka chini. Ah! Siku ishirini na ushei alikuwa amejifunga kamba, na hewa nusu ikiishia mlangoni.

Basi ikawa kila asubuhi, jua likiwa bado dogo, "Shoga, twende!" Nao wanakwenda.

Kanga ana jambo moja. Hapendi kuongea na ukuta. Akisema, anataka uitikie enhe, anataka uulize ikawaje. Siwema akichoka, akinyamaza, Kanga anasimama.

"Mbona hunijibu? Umenuna?"

"Sijanuna... nahema."

"Basi punguza mwendo! Habari ni tamu, sitaki ikupite."

Wanapunguza. Pumzi inarudi. "Enhe, ikawaje?" Wanakwenda.

Mbegu alizokuwa akidonoa Kanga pale kwenye jiwe jeupe zikaisha. Wakasogea mpaka kwenye miiba. Za kwenye miiba zikaisha. Wakasogea mpaka kwenye korongo. Kisha Kanga akatamani mchwa, na mchwa wako kwenye mteremko wa Kilima Kipara. Siku ya kwanza wakapanda kidogo, Siwema akanyamaza mara saba. Baada ya siku chache akanyamaza mara tatu. Baada ya siku nyingine hakukumbuka kunyamaza, maana wifi alikuwa amegombana na Kwale juu ya lile jiwe, kila mmoja anasema yai ni langu. Mara nyingine kivuli cha Mwewe kinapita. "Kakaraaa!" Vifaranga mbio, Kanga mbio, Siwema mbio, anakwenda kuwasimamia wale wadogo wajifiche chini ya tumbo lake. Hefu-hefu kidogo. Mwewe anaondoka. Wanaendelea na habari.

Na kila siku ya nne Kanga anagoma. "Leo siendi popote. Leo naoga vumbi." Anajilaza kwenye mchanga, furu-furu-furu. Siwema anajilaza kando yake. Wanakula, wanakunywa, wanasinzia. Kesho yake miguu inajiona mipya.

Maziwa yalirudi. Kidoti akanyonya upande huu, akanyonya upande ule, akateuka kwa shibe. Siwema aliposikia mtoto ameteuka alicheka peke yake.

Lakini nisiwadanganye, moyoni hakuwa na raha. Alijiona ameacha mazoezi. Alisema, mbona hainiumi? Mbona nalala vizuri? Kama haiumi, si kitu, natembea tu na shoga yangu kupoteza siku. Na Tumbili kule juu ya mkuyu hakumsaidia. "Mama Kidoti! Naona umekata tamaa, unatembezwa na kuku!"

Siku zikaenda. Thelathini. Kumi. Mbili. Ikafika.

Mbuga yote imekusanyika. Mama wa kwanza akapanda, akashuka, akataja, akasikika. Wa pili, akasikika. Wa tatu, wa nne, wote. Tumbili amekaa kwenye tawi la mbele, anatafuna. "Angalieni tumbo lile! Likifika nusu ya kilima, mimi nitakula mkia wangu!"

Siwema akamwinamia Kidoti. "Kaa hapa na Shangazi Kanga. Nisiposikika, usiogope. Mimi na wewe hatutengani."

"Utasikika, mama," akasema Kidoti. Mtoto asiyejua kitu anasema tu. Lakini ilimsaidia.

Akaanza kupanda. Polepole, kwato kwenye kokoto, koko-koko-koko. Akasubiri kifua kiwake moto. Hakikuwaka. Akasema, kitawaka pale kwenye jiwe kubwa. Akalipita jiwe kubwa. Akasema, basi ni pale kwenye mchongoma. Akaupita mchongoma. Kumbe njia nzima alikuwa anaitikia, "Enhe... enhe... ikawaje?" Kanga hayupo! Mdomo umezoea. Akainua macho aone kilele kimebaki kiasi gani, hakuona kilele. Alikuwa amekisimamia.

Moyo ukamdunda, si kwa kuchoka, jamani, kwa kutoamini. Akashuka, akilitunza goti lake. Akafika chini. Hakusimama. Akavuta hewa mpaka chini kabisa.

"SIWEMAAA! WA KIBIBIII! WA MWANAKHERIII!"

Bi Mkubwa Kurwa kule kichuguuni hajatikisa hata sikio. Siwema akaona, ole wangu, hajasikia. Lakini pumzi bado ipo! Imejaa tele! Akaendelea kutaja bibi wa bibi yake, na mama wa huyo, na dada zake. Ukoo ukamwishia. Akageuka, akamwona Tumbili tawini.

"NA WEWE! Ulinilaza chali mbele ya Tai! Ulininyima maji na mimi nanyonyesha! Umenipanda mgongoni siku ishirini, hata hatua moja hukukimbia! Goti langu likauma ukasema zuri! Mwanangu akakosa maziwa, kwa ajili ya kiuno chako! Ualimu nani alikupa? Shuka hapa ukipande kilima hiki mbele ya watu tukuone, na ukifika chini uniambie jina la mama yako!"

Tumbili akajifanya ana kuyu kooni. Kho! Kho! Akarudi nyuma tawi moja. Akarudi la pili. Akapotea majanini.

"Siwema!" Sauti ya Bi Mkubwa ikatoka kichuguuni. "Siwema, mwanangu, imetosha! Nilikusikia tangu lile la kwanza, nilikuwa nangoja umalize. Hata Simba amekusikia. Utasafiri."

Kilima hakikumweza Siwema, furaha ikamweza. Akakaa chini kama mbwa, analia, anacheka, Kidoti anamlamba pua. Kanga anazunguka, kakara-kakara, anamweleza kila mtu kwamba huyo ni shoga yake, na kwamba wifi ameliachia lile jiwe.

Baada ya siku tatu kundi likaondoka. Pu! pu! pu! pu! Siku ya kwanza, vumbi. Siku ya pili, vumbi. Siku ya tano likaja vumbi la kweli, anga lote jekundu, mkono wako huuoni. Watoto wakachanganyika. Siwema akageuka kulia, Kidoti hayupo. Akageuka kushoto, hayupo. Mbele miguu ya wengine, nyuma miguu ya wengine. Akainua shingo.

"KIDOTIII!"

Akapiga hatua, akaita tena.

"KIDOTIII! Fuata hukuuu! KIDOTIII!"

Akatembea anaita. Hatua mia, anaita. Hatua mia nyingine, anaita. Pumzi inatoka, inarudi, inatoka. Hakusimama hata mara moja, na sauti haikupungua.

Mbali kabisa, ndani ya vumbi, tiki-tiki-tiki-tiki.

"Mama! Niko hapa! Nilikusikia muda wote, nilikuwa naifuata sauti tu."

Siwema akaweka kidevu juu ya mgongo wa mwanawe, wakatembea hivyo, ubavu kwa ubavu, mpaka vumbi likatulia. Siku ya nane wakainama pamoja mtoni, wakanywa.

Na funzo lake ni hili, wakubwa msikie pia, hasa ninyi mnaojifunga vitambaa tumboni. Mazoezi si kujitesa. Kula, kunywa maji, pumzika, tembea kila siku kwa mwendo unaoweza kuongea nao, na uongeze kidogo kila unapozoea. Kikikuuma kiungo, simama. Jasho si mafuta. Na kiuno cha mtu si ushahidi kwamba anajua anachokufundisha.

Hadithi yangu imetua hapo. Mimi nainuka kunyoosha miguu, na wewe uliyekaa tangu mwanzo, inuka.